Baba, Hebu Fungua Mdomo

Juzi, kwenye zahanati moja hapa Usagara, nilishuhudia jambo ambalo mpaka leo linanisisimua!

Mama mmoja alikuja na mumewe. Maambukizi ya ukeni yalikuwa yamemrudia mara ya tatu, na dawa zote alizimaliza. "Somo yangu aliyenifunda kaniambia nijifukize udi," alisema. "Nimejifukiza mpaka kanga zote zanukia, lakini wapi!"

Nesi, mtu mzima wa kupewa shikamoo, alimgeukia mume aliyekuwa akitafuna tambuu. "Baba, tema hiyo, usukutue, kisha ufungue mdomo."

"Mdomo wangu? Mgonjwa ni huyu, tena haumwi mdomo!"

"Fungua."

Akafungua. Fizi zilikuwa zimevimba, zinavuja damu. Nesi alishusha sauti, lakini pazia la zahanati ni pazia tu. "Vijidudu vya fizi mbovu husafiri na mate. Mdomo ukifika kule, navyo vinaweza kufika. Mama nitamtibu, na wewe nenda kwa daktari wa meno, la sivyo mtarudi tena."

Mume akashika shavu. Mama akapiga kigelegele, kigelegele cha harusini kabisa! "Miaka yote hiyo mie ndiye mchafu!"

Benchini tulikuwa wanaume sita tukisubiri majibu ya malaria. Sote tulifumba midomo.

Jamani, tumewaachia wake zetu chetezo cha udi, sisi mswaki wenyewe tunauonea uvivu! Kesho yake nilidamka kwenda kwa daktari wa meno. Wenzangu wanne wa benchini walikuwa wamenitangulia.