Ukuta Usiogongwa

Tulimwita Gonga kwa sababu hakubandika kitu ukutani bila kuugonga kwanza. Kazi yake ilikuwa kuvalisha mabafu: ukutani paneli nzito za jiwe bandia, chini sakafu ya kipande kimoja isiyo na maungio ya kupitisha maji. Paneli hubandikwa kwa gundi juu ya vigae vya zamani, na hapo ndipo mafundi wa kulipualipua wanapoumbuka. Kigae kilichoachana na ukuta hutoa mlio mtupu. Ukikibandikia paneli, umebandika hewani. Gonga alikipiga kila kigae kwa kidole kilichokunjwa, sikio ukutani, mdomo wazi. Hata sokoni watu walimwita awagongee matikiti. "Hilo bichi," alikuwa akisema, na muuzaji akimfukuza.

Bafu la nyumbani kwake alilivalisha kwa amri ya mkewe. Mama mkwe, waliyekuwa wakiishi naye, aliteleza kwenye vigae vya bafu hilo akavunjika nyonga, na daktari alisema wazi kwamba akianguka tena hatainuka.

"Mama ninaye mmoja tu," mkewe alimwambia. "Kazi za watu unazimaliza. Za kwako je?"

Hapa ndipo ninapomkasirikia. Kuta mbili alizigonga vizuri. Wa tatu ulipakana na chumba cha mama mkwe, kitanda kimesukumwa mpaka ukutani, na mama alikuwa amejilaza. Gonga aliinua kidole, akakishusha. Amgongee mkwewe kichwani, tena mgonjwa aliyepumzika? Huyu ni mtu aliyemwamkia mama yule huku akitazama sakafu tangu siku ya kwanza. Akapaka gundi, akabandika. Chuma cha kushikia nacho akakifunga hapo hapo, kwa skrubu fupi zinazoishia kwenye paneli, maana kutoboa tofali ni kelele. Wengine wataita heshima. Mimi naita uzembe uliovaa nguo za heshima.

Bafu lilipendeza, siwezi kusema uongo. Mama mkwe alitoka humo anang'aa, anamwombea dua.

"Nimeoga nimesimama, baba! Nimekamata kile chuma, nikajiona mtu tena."

Chakula kilimshinda Gonga jioni ile.

Haukupita muda, akiwa kwenye korido na mlango wa bafu uko wazi, aliona silikoni ya kuzibia pembeni mwa paneli imeachia, ufa mwembamba kama unywele. Juma lililofuata ukucha ungeingia. Kuingia kukagua hakuweza, kwani mle mlianikwa nguo za ndani za mkwewe. Akamwambia mkewe juujuu tu, "Mama asikivute sana kile chuma. Gundi haijakomaa."

"Mwambie mwenyewe. Fundi ni wewe."

Amwambie nini? Aanze kuzungumza na mkwewe habari za kuoga kwake? Na akiulizwa sababu, aseme kwamba Gonga hakugonga? Akajipa moyo kwamba mama akienda kliniki atabomoa kila kitu aanze upya. Kliniki ikaahirishwa. Basi kila asubuhi maji yalipofunguliwa, Gonga alisimama kwenye korido, chai inampoa mkononi, akisikiliza. Kandambili. Maji. Halafu kale kamlio kadogo mama alipokamata chuma. Alikajua. Vigae vilikuwa vinaachia, kimoja baada ya kingine. Maji yakifungwa, alimwaga chai akaenda kazini.

Siku yenyewe mkewe alishakwenda kazini, nasi majirani vilevile. Mlio haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama wa mtu anayevunja biskuti. Kisha kitu kizito kikaburuzika, kikakwama.

"Mama?" Gonga akaita kutoka kwenye korido.

"Usiingie, baba. Sijajifunika."

"Umeumia?"

"Bado."

"Nini kimetokea?"

"Ukuta umekuja wote. Nimeukinga kwa mikono."

Gonga alifumba macho, akasukuma mlango, akaingia kwa kupapasa. Maji yakampiga usoni. Alipoigusa paneli aliiwekea bega, na uzito wake ukamkalisha nusu.

"Pita chini ya mkono wangu, mama. Utoke."

"Mguu haunyanyuki."

Akapiga kelele kuita watu. Hakuna aliyeitika. Wakabaki hivyo, maji yakiwamwagikia wote wawili, yeye macho kayafumba kwa nguvu.

"Huu hukuugonga," mama mkwe akasema.

"Ulikuwa umelala, mama."

"Sikuwa nimelala. Nilikuwa nasubiri nikusikie. Nikasema labda siku hizi una njia nyingine."

Gonga akalia, mtu mzima. Juu ya kichwa chake kigae kiliachia, kikafuata kingine. Gundi yake ilikuwa nzuri mno. Paneli ilishuka na kila ilichoshikana nacho, na bega lilianza kufa ganzi. Akajaribu kunyoosha mkono wa pili amshike mama, akapapasa hewani, akaurudisha haraka kwa aibu.

"Baba," mama mkwe akasema taratibu, "fumbua macho. Utanishikaje usiponiona?"