Tairi Lililozibwa na Mama Mkwe

Tairi la nyuma la kushoto lilikuwa likivuja kwa wiki tatu. Kila asubuhi nalikuta limekalia rimu, napiga pampu ya mguu hadi goti linauma, natoka.

Mtu mwenye akili angeenda kwa fundi wa pancha hapo Kongo, Kawangware, nilikoishi. Lakini fundi alitaka pesa ya mafuta yangu ya siku nzima, na mimi nilikuwa na mama mkwe. Marehemu mumewe alimwachia jeki, karai na kibanda kando ya barabara kule Sarang'ombe, naye akaendelea na kazi ya kuziba pancha. Kwangu hakuchukua hata shilingi.

Shida ni kwamba kwetu magharibi mama mkwe hakaribiwi. Humpi mkono, huketi karibu naye, na akiinama unageuza uso. Kwa hiyo nilikuwa naegesha gari, namwachia, naenda kusimama kwenye kioski cha maji nikiwa nimempa mgongo, kama mtu aliyekuja kuchota akasahau mtungi. Tulizungumza kwa kupaziana sauti.

Siku hiyo nilikuwa na hofu ya kweli. Kazi pekee ya gari lile ilikuwa kumbebea mama mmoja wa hapo mtaani Kongo sufuria za githeri na chapati hadi kwenye mjengo Lavington, ambako mafundi wa ujenzi hula saa saba kamili. Tairi lilishanichelewesha mara mbili. "Ya tatu natafuta gari ingine," aliniambia, "na usinione mbaya."

"Mama, leo ishike kabisa!" nilipaza sauti.

"Itashika, mkwe wangu. Wewe tulia."

Nikasikia jeki, nyundo, maji. Halafu kimya kirefu. Wasiwasi ukanishinda, nikageuka.

Alikuwa ameinama juu ya karai, akipapasa tyubu kwa vidole, uso kaelekeza pembeni. Maji hakuyatazama. Vidole vikagusa kiraka cha zamani, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaanza kukisugua upya. Na upande wa pili wa tyubu, hapo hapo mbele yake, mapovu yalikuwa yanatoka moja baada ya jingine. Hakuyaona. Ndipo nikaelewa kwa nini kila mara nilikuwa narudi na pancha ile ile.

Neno moja lingetosha: mama, upande ule. Lakini kulisema ni kukiri kwamba nimemtazama mama wa mke wangu akiwa ameinama, na ni kuitangazia barabara nzima kwamba macho yake yamekwisha. Niliona aibu. Nikageuka tena kutazama mifereji ya kioski. Najilaumu hadi leo, na najua ningefanya vile vile.

Kabla hatujafika Lavington gari likaanza kuvuta kushoto. Spea nilishaifunga mahali pa gurudumu la mbele tangu mwaka uliopita. Nikapiga pampu, upepo ukaingia, ukatoka. Mama wa chapati, aliyekuwa ameketi kando yangu, hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alipiga simu, gari jingine likaja, akahamisha sufuria zake mwenyewe, akakataa hata nimshikie mfuniko.

"Pole, baba," alisema. "Na mimi niko na watoto."

Nilirudi Kongo polepole, nikisimama kila baada ya muda kupiga pampu. Jioni mke wangu alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona siku nyingi.

"Mum amepiga simu. Anauliza kama tairi imeshika."

"Kwa nini anauliza?"

"Anasema watu wote walimwacha. Customer amebaki ni wewe tu. Nimwambie nini?"

Gari lilikuwa nje, limeinama upande mmoja, na kesho yake sikuwa na pa kulipeleka.

"Mwambie imeshika," nikasema.