Mpagazi wa Ulanga Apumzika Ili Ampandishe Mama Mlimani

Saa kumi na moja alfajiri, ukungu bado umeukalia mlima, Rehani amekwisha kuchuchumaa mbele ya sanduku la ulanga, yale madini yang'aayo kama kioo. Anaweka ngata kichwani, anavuta pumzi, wenzake wawili wanamtwisha. Anainuka taratibu, goti moja kwanza. Vumbi la ulanga limemganda shingoni, linametameta kama magamba ya samaki.

Kutoka kambi hii iliyo chini ya milima ya Uluguru hadi stesheni ya Morogoro ni mwendo wa asubuhi nzima. Rehani anaifanya kazi hii tangu reli ilipofika mjini. Wenzake humwita Nguzo. Hata msimamizi Mdachi, Mjerumani asiyejua kusifu, likitokea sanduku ambalo kila mmoja analikwepa, humtafuta yeye.

Lakini safari anayoitamani Rehani haielekei stesheni. Inaelekea juu.

Barazani kwake, mwendo mfupi kutoka kambini, mama yake Bi Mwaisha hukaa mkekani kutwa akitazama milima. Alishuka kwa miguu yake mwenyewe, masika ya mwaka juzi, kuja kumwona mjukuu wake mchanga, Mosi. Kwenye kivuko cha mto akateleza juu ya mawe, mfupa wa nyonga ukavunjika. Mganga alimfunga, mfupa ukaunga upande. Sasa anaweza kujikokota hadi jikoni. Mlima hauwezi tena.

"Hapa nalishwa, naogeshwa, sina la kulalamika," anasema Bi Mwaisha. "Ila moyo wangu uko Kilumbi. Makaburi ya mama zangu nani anayapalilia?"

Kilumbi ni kijiji cha juu, na kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Bi Mwaisha ndiye mkubwa wa ukoo wake. Shamba ni lake kulitunza, na waliolala humo pia.

Machela haifai. Katikati ya njia kuna Mpando wa Ngedere, kijia chembamba kilichobandikwa ubavuni mwa jabali. "Pale hawapiti watu wawili na mti wao," anaeleza Rehani. "Anapita mtu mmoja na mgongo wake."

Basi akasuka kiti cha mianzi chenye kamba za kupitisha mabegani, akakijaza mawe. Jioni akitoka kazini, na Jumapili ghala la ulanga likifungwa, alikibeba na kuupanda mlima. Mwanzoni mwili ulikubali. Kila wiki aliongeza jiwe, na kila wiki alifika mbali zaidi. Alitaka mawe yafikie uzito wa mama, frasila tatu kasoro kidogo, kama kilo arobaini na tano.

Kisha nguvu zikagoma. Palikuwa na mwamba mweusi katikati ya Mpando, na hapo ndipo magoti yalipokataa. Jumapili iliyofuata, mwamba uleule. Akakasirika, akaanza kupanda hata usiku, kabla ya kazi. Badala ya kusonga mbele akarudi nyuma: mwambani hafiki tena, chakula hakina ladha, usingizi umemhama. Siku moja sanduku lilimponyoka stesheni, likapasuka mbele ya watu, na msimamizi akamtukana matusi yote aliyoyajua kwa Kiswahili.

"Nilidhani mwili unanifanyia uvivu," anasema. "Nikaupiga kama punda."

Jioni moja alirudi nyumbani, kiti hakipo.

"Mama Mosi, kiti changu kiko wapi?"

"Nimekificha," mkewe Mwajuma akajibu, akiendelea kupepeta mchele.

"Umekificha? Unajua ninakibeba kwa ajili ya nani?"

"Najua. Asubuhi unabeba ya Mdachi, jioni unabeba mawe. Huo mwili unajengeka saa ngapi? Hata shamba hupumzishwa, baba Mosi."

Waligombana mpaka majirani wakasikia. Mwajuma hakukitoa kiti. Kipande cha Rehani, kadi ya siku thelathini za kazi, kilipojaa, hakuchukua kingine papo hapo. Mwajuma akauza vitumbua, nyumba ikaenda hivyo hivyo.

Kupumzika kulimshinda kuliko mawe. Alilala mchana kwa aibu. Alikula kunde, ndizi na samaki wa mtoni. Mkewe akamkanda miguu kwa mafuta ya mbarika. Saa nyingine alikaa na mama yake barazani, wote wawili wakitazama kulekule.

Siku moja Bi Mwaisha akamwambia, "Mwanangu, basi. Mtanizika hapa hapa."

Rehani aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko mpaka macho yakakauka.

Taratibu njaa ikarudi, usingizi ukarudi. Asubuhi moja Mwajuma alimkuta akimrusha Mosi juu na kumdaka, wote wawili wanacheka. Akaingia ndani, akakitoa kiti chini ya kitanda.

"Nilipanda nikiusubiri ule mwamba," Rehani anasimulia. "Nikaona mbona haufiki. Kugeuka, uko chini yangu!"

Alifika kileleni na mawe yote. Ng'ambo ya bonde aliuona moshi wa Kilumbi. Akatua kiti, akaketi, na furaha aliyoitarajia haikuja yote.

"Miezi yote ile nilifikiria mlima tu," anasema kwa sauti ya chini. "Pale juu ndipo nilipoelewa kuwa nguvu hizi nazitafuta ili nitengane na mama."

Hata hivyo hajabadili nia. Siku hizi amechukua kipande kingine, ila anapanda mara moja tu kwa wiki, na kesho yake hagusi jiwe. Mvua zikikatika na njia ikikauka, ataomba ruhusa kazini, apumzike kwanza, kisha ambebe. Watalala njiani kwa Scholastika, mkulima wa mboga aishiye karibu na misheni, ambaye ameahidi moto na kitanda. Binti wa dada yake Bi Mwaisha atamwangalia huko juu. Bi Mwaisha ameanza kukunja kanga zake, anazikunjua, anazikunja tena.

Na akishamfikisha?

Rehani anafuta jasho, anautazama mlima.

"Kupanda nimejifunza," anasema. "Kushuka peke yangu ndiko sijakufanyia mazoezi."