Mzee aliyeamka akivalishwa suti ya mazishi, na swali lake lililoishinda digrii yangu ya theolojia

Habari zenu wakuu.

Mimi ni msomaji wa kimya humu miaka mingi. Leo naandika kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani, na mhusika mwenyewe ameniruhusu mradi nibadilishe majina. Nitasema niliyoyaona na niliyoambiwa uso kwa uso, basi. Anayetaka kusema ni chai, yaani hadithi ya kutunga, sawa, ila amalize kusoma kwanza.

Kwa ufupi kuhusu mimi. Nina digrii ya theolojia. Nilisoma Kigiriki, nikasoma historia ya kanisa, nikaandika tasnifu kuhusu habari za ufufuo katika Injili.

Nilipomaliza sikwenda kwenye uchungaji. Ukweli ni kwamba tangu mwaka wa tatu nilikuwa nimeacha kusali. Hapakuwa na ugomvi wala kashfa. Nilizoea kuyafungua maandiko kama fundi anavyofungua injini, nikajikuta vipande vyote viko mezani na gari haliendi popote.

Sasa hivi niko Kariakoo, nauza vifaa vya mafundi cherehani kwenye duka la shangazi. Uzi, zipu, vifungo, lastiki. Mtaani wananiita Pasta, kwa kunikejeli.

Ng'ambo ya barabara kuna duka la mapazia la mzee mmoja wa Kilimanjaro. Nimwite Mzee Kundaeli.

Desemba ya mwaka juzi alipanda kwao na mkewe, Mama Aneth, kama mnavyojua Wachaga ikifika Krismasi. Siku mbili kabla ya sikukuu simu ikaja: Mzee hatunaye. Tukachanga rambirambi, tukabandika picha yake kwenye mlango wa duka lake, mama mmoja akawasha mshumaa pale chini.

Kesho yake ikaja simu nyingine. Aliyepiga alikuwa haongei vizuri, kama mtu anayetetemeka.

Mzee ameamka.

Hospitali kubwa walikuja kueleza baadaye kwamba sukari ilishuka mno, na yule aliyempima kijijini alimpima kwa haraka. Sawa. Lakini sikilizeni ilivyokuwa. Walikuwa wameshamuosha. Wameshamvalisha suti. Mdogo wake alikuwa anamfunga tai, na alipokaza fundo, koo la marehemu likapanda na kushuka.

Alikuwa amemeza mate.

Kaburi lilikuwa limeshachimbwa kwenye migomba ya nyumbani. Wazee wa ukoo wakasema kaburi likishafunguliwa halifungwi tupu. Wakakata mgomba, wakaulaza mle ndani, wakafukia. Hadi leo tuta lipo, na Mzee akienda kwao analipita akielekea bafuni.

Januari akafungua duka. Picha yake ilikuwa bado imebandikwa mlangoni, aliibandua mwenyewe.

Wakuu, Kariakoo mtu hana muda wa kuogopa, lakini nilishuhudia wapagazi wakibadilisha njia ili mizigo yao isipite mbele yake. Wateja wa zamani waliagiza kwa simu. Wengine walikuja makusudi wamshike mkono, kisha wanaondoka wakijifuta kwenye nguo. Mimi nilimshika. Ulikuwa wa baridi, ule ubaridi wa bati la asubuhi, na ilikuwa saa saba mchana.

Kanisa lake, la kukodi ukumbi kule mtaa wa Gerezani juu ya karakana, likamwita atoe ushuhuda. Sikwenda, ila video ilisambaa. Alisema aliona mwanga. Alisema alimwona binti yao, Aneth, aliyefariki kwa malaria akiwa na miaka tisa, miaka kumi na miwili iliyopita. Watu walilia hadi mhubiri akashindwa kuendelea.

Niliitazama kwa jicho la msomi. Nikajisemea, huu ni muundo wa kawaida wa shuhuda za namna hii. Nikafunga simu, nikaendelea kupanga vifungo.

Wiki chache baadaye Mama Aneth akaja dukani kwetu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaomba zipu ya gauni la mtoto. Nikamtolea fupi. Akaishika muda mrefu.

"Pasta, wewe umesoma haya mambo. Mtoto akifa mdogo, kule anaendelea kukua?"

Nilifurahi, nakiri. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali la darasani pale dukani. Nikamweleza kwamba wanazuoni wa kale walilijadili sana, na baadhi walifundisha kuwa watu wote watafufuka wakiwa na umri wa mtu mzima, miaka thelathini hivi.

"Kwa hiyo anakua."

"Kwa mujibu wa hao, ndiyo mama."

Akanirudishia ile zipu. "Basi nipe ndefu. Ya msichana mkubwa."

Nikampa. Na chenji nikamrudishia, na karibu tena nikamwambia.

Mwezi mmoja ukapita. Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, mtaa umetulia, Mzee Kundaeli akavuka barabara akaja kukaa kwenye kibao chetu. Hakuwahi kufanya hivyo.

"Kijana wangu, yule ndugu wa Bethania ambaye Yesu alimfufua. Siku nne zile alikuwa wapi?"

Nikaanza. Nikamwambia habari ile imo katika Injili moja tu kati ya nne. Nikamweleza kwa nini siku nne na si tatu, na mwandishi alikusudia kuionyesha kama ishara. Nilikuwa naongea vizuri kweli.

Akaninyamazisha kwa mkono.

"Sijakuuliza mwandishi alikusudia nini. Nimekuuliza yule mtu alikuwa wapi."

Nikasema, "Hakuna panaposema, Mzee. Na yeye mwenyewe hatusikii akisema neno hata moja."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akatazama mvua. Kisha akasema polepole, "Mimi sikuona kitu. Si giza. Giza unaliona. Ilikuwa kama wewe unavyokumbuka mwaka kabla hujazaliwa."



Akaendelea. Alipoamka watu wote walimtazama mdomoni, mkewe akiwa wa kwanza. Alipomuuliza kama amemwona Aneth, alishindwa kusema hapana. Baadaye kanisani akarudia, maana neno lilishatoka. Sasa mkewe anauliza kila siku. Alisimamaje? Alicheka? Alikuuliza habari zangu?

"Sasa ameacha vidonge vya presha. Wiki ya tatu hii. Anasema mtoto amesubiri sana. Naomba uje useme naye, wewe msomi."

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile zipu ndefu.

Jumapili mchana Mzee akanichukua, tukaenda kwao. Wanaoijua Kariakoo wanajua Jumapili inavyokuwa, maduka yamefungwa, unasikia hatua zako mwenyewe. Wanakaa Mchafukoge, ghorofa ya tatu. Mama Aneth alitupokea kwa uchangamfu, amevaa vizuri, uso umevimba kidogo.

Mezani palikuwa na viti vinne. Nikavuta kimoja.

"Hicho acha mwanangu," akasema kwa upole. "Kina mtu."

Mgongoni mwa kile kiti lilikuwa limevalishwa gauni la bluu, jipya, mikono yake imelazwa mezani pande mbili za sahani. Zipu niliijua.

Mzee hakungoja. Nadhani angengoja asingeweza.

"Mama Aneth, sikumwona. Sikuona kitu chochote. Nilikudanganya."

Mama hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Pasta, mwanangu yupo au hayupo?"

Kichwani zilikuja nadharia tatu, kila moja na watetezi wake. Nilizisikia kabisa, zimejipanga kama siku ya mtihani. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

"Sijui, mama. Na lile jibu la dukani nililitoa kitabuni, sikufikiri ninamwambia nani. Nisamehe."

"Kwa hiyo mmenidanganya wote wawili."

"Ndiyo," Mzee akasema.

Akalia. Kilio cha bila sauti, mabega tu. Kisha akaniambia, "Basi omba. Hata hilo huliwezi?"

Nikafumba macho. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Aliyeomba ni Mzee. Alinishika mkono, baridi ile ile, na kwa mkono mwingine akamshika mkewe. Alisema hivi, nayakumbuka yote:

"Bwana, sikukuona. Nilikaa siku nzima nikiwa maiti na sikukuona. Lakini naongea na wewe, sijui kuongea na mwingine. Mtoto wetu mtunze. Huyu mama niachie. Amina."

Halafu Mama Aneth akainuka, akalivua lile gauni kwenye kiti, akalikunja.

"Mgeni hata maji hajapewa," akasema. "Kaa hapo baba, usisimame."

Nikakaa kwenye kile kiti.

Kilikuwa na joto. Joto la mtu aliyetoka kuinuka. Dirisha liko upande wa pili, jua halikifikii, na hakuna kati yetu aliyekuwa amekikalia. Sina maelezo na sitayatunga.

Mama alirudi na glasi mbili. Moja akanipa. Nyingine akamezea kidonge, mbele yetu.

Jumapili iliyofuata Mzee alisimama kanisani akasema ukweli. Mhubiri akamnyang'anya kipaza sauti. Leo wanasali kwingine, kanisa dogo la watu wachache. Mama anaendelea vizuri na kliniki haachi. Mtaani wapo wanaosema Mzee ni mwongo, na wapo wanaoapa kuwa aliyezikwa kule migombani ni yeye, na huyu anayeuza mapazia hatumjui.

Nilichojifunza? Sijatupa vitabu vyangu. Bila kusoma nisingeweza kumwambia Mzee kwamba yule wa Bethania naye hakusema kitu, na aliniambia baadaye kwamba hilo ndilo lililompa nguvu ya kukiri. Ila nilikuwa naijua imani ya watu waliokufa zamani, nikasahau kwamba anayeniuliza anaweza kuwa anauliza kwa sababu ana mtoto.

Nimeanza kuingia ibada ya asubuhi kabla ya kufungua duka. Nakaa nyuma kabisa. Nafumba macho.

Juzi Mzee akaniuliza, "Nasikia umeanza kusali."

"Najaribu, Mzee."

"Unaona chochote?"

"Hapana."

Akacheka. Tangu aamke sikuwahi kumwona akicheka.

"Karibu," akasema.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Mliosoma theolojia na msioisoma, mnaoamini na mlioacha, semeni. Matusi tu ndiyo wekeni pembeni, Mzee huwa ananiomba nimsomee komenti.