Ngoma ya Luseno, Ghorofa ya Tatu

Ukiuliza Kageha anakaa wapi pale mtaani Mowlem, Nairobi, utaambiwa utazame juu, ghorofa ya tatu, penye madirisha yaliyozibwa kwa blanketi. Wapangaji wapya hudhani ni chumba cha maombi, au cha kupikia chang'aa, na kuna mmoja aliyewahi kupanda ngazi na chupa tupu mkononi. Ndani hamna chang'aa wala pasta. Kuna trei za mayai zilizogongomelewa ukutani, maiki moja iliyotumbukizwa kwenye ndoo, deki ya kaseti, kompyuta, na mama wa miaka arobaini na miwili ambaye kazi yake ni kurekodi muziki na kuufanya usikike mzee kuliko ulivyo.

Ndiyo, mzee. Vijana wamechoshwa na sauti safi. Wanataka ngoma yenye vumbi na kinanda kinachoyumba. Mwanzoni Kageha aliwacheka, maana alikuwa amekula miaka kumi kwenye studio moja ya mjini akifuta kelele za watu. Mtu akikohoa, anafuta. Kiti kikilia, anafuta. Yeye mwenyewe hajawahi kusikika kwenye kazi yoyote aliyoifanya, na hilo ndilo alilojivunia. Sasa anaombwa kelele! Akasema sawa, mteja ni mfalme, hata akiwa mfalme wa mambo ya ajabu.

Kinanda ndicho kilichomletea jina. Kilitupwa na kanisa moja la zamani, yeye akakiokota. Ni cha tepu: chini ya kila kitufe kuna kipande chake cha utepe, na juu ya utepe huo watu wa zamani walirekodi noti moja, ya filimbi au ya kwaya. Ukibonyeza, utepe unavutwa, unaimba sekunde nane, kisha unarudi ulikotoka. Mkanda wa mota ulikuwa umekatika, Kageha akaufungia mkanda wa cherehani. Jioni, mtaa mzima ukianza kupika, umeme hulegea na kwaya nayo inateremka taratibu kama watu wanaosinzia ibadani. Fundi mwingine angeuita huo ubovu. Yeye huchagua saa hiyo makusudi.

Basi wiki moja akaja Jacky, mwimbaji wa mtaa wa Tassia, kusikiliza wimbo wake ulipofika.

"Niaje, Kage. Kinanda iko fiti, hiyo usiguse. Lakini hizi drums za kompyuta zinaboo. Nataka kitu chafu, kitu inakaa imetoka kwa redio ya zamani ya shosho."

Kageha alijua hapo hapo ni ngoma gani. Jengo la pili aliishi Mzee Patrobas, mstaafu wa kiwanda cha misumari, na juu ya kabati lake kulikuwa na isukuti kubwa, ngoma ya misiba na harusi ya kwao, iliyowambwa ngozi ya kenge. Shida ni kwamba Jumamosi Mzee alikuwa anarudi kwao Shinyalu moja kwa moja, na ngoma yake kwapani. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Kageha alijiambia kinachomkimbiza ni kazi ya Jacky tu. Mimi simwamini. Baba yake, Luseno, alifariki mwaka ule wa korona, Nairobi imefungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Alizikwa kijijini, nyuma ya nyumba yake, asubuhi na mapema, watu kumi na watano, bila kesha na bila ngoma. Kageha aliliona kaburi kwenye simu, mtandao ukikatika kila dakika. Na kwa watu wao, mwanamume akienda bila isukuti ni kama ameondoka bila kuaga. Mzee Patrobas alikuwa rafiki wa Luseno tangu ujana. Kama kuna mikono iliyostahili kumpigia, ni ile, na ilikuwa imebakiza siku tano mjini.

"Nani amekufa?" Mzee aliuliza alipoombwa apige.

"Hakuna, Mzee."

"Nani anaoa?"

"Hakuna. Ni ya wimbo tu."

"Sasa nipigie nani? Maiki?" Akatikisa kichwa. "Binti yangu, hii si redio. Ikilia, watu watakuja. Wakija, utawaambia nini?"

Jumanne Kageha alirudi na sukari. Jumatano alirudi na sukari na mkate. Mzee alikula mkate, akanywa chai, akakataa. Kwa ubishi, punda angeweza kwenda kusoma kwake.

Alhamisi mchana Mzee mwenyewe ndiye aliyepanda ngazi, amekuja kuaga. Ngoma alikuwa nayo, kwa sababu hakuwaamini waliokuwa wakimfungia mizigo. Kageha akatumia ujanja wa kazi yake. Kila fundi wa studio anajua kwamba mtu hupiga vizuri zaidi akidhani anapimwa tu.

"Mzee, leo sikuombi upige. Nigongee kidogo tu nione maiki inasikiaje."

Akabonyeza kitufe cha kurekodi. Mzee akaiweka ngoma kwapani, akagonga mara mbili, mara tatu. Lakini mikono yenye miaka hamsini ya matanga haijui kupima. Ikashika njia iliyoizoea, mdundo wa kilio, na ndoo ikanguruma. Zilipita kama dakika tatu kabla Mzee hajashtuka na kusimamisha mkono. Wakati huo milango ya chini ilikuwa imeshaanza kufunguka.

Wa kwanza kuingia alikuwa Triza wa ghorofa ya pili, leso kiunoni, pakiti ya unga mkononi. Nyuma yake ngazi ilijaa watu wa Kakamega, wa Vihiga na wa Bungoma wa jengo zima, na wengine waliofuata tu kwa sababu kilio hakina kabila. Mutisya, mlinzi wa geti, alikuja kukemea kelele. Alipoziona zile sura akavua kofia.

"Woi! Ni nani ametuacha?" Triza akauliza.

Kageha angeweza kusema ukweli, kwamba walikuwa wakipima maiki. Hebu fikiria aibu hiyo. Akamtazama Mzee amwokoe. Mzee hakuwa na wokovu wowote.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema kwa sauti ya chini. "Ngoma ya kilio imeshalia. Taja mtu."

"Baba," Kageha akasema. "Luseno, wa Shinyalu."

"Pole, jamani! Lini?"

"Miaka mitano sasa."

Triza akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Ile mwaka?"

"Ile."

Hakuna aliyecheka. Kila mmoja mle ndani alikuwa na mtu wake wa mwaka ule. Triza akauweka unga juu ya kinanda, akakaza leso.

"Mzee, piga. Huyu mtu amengoja sana."

Mzee akapiga. Chumba cha watu wanne kiliingiwa na watu ishirini, wakaimba, wakazunguka, trei za mayai zikadondoka ukutani. Kageha, ambaye hakuwa amelia tangu siku ya ile simu, alimwita baba yake kwa sauti kubwa kama mtoto aliyepotea sokoni. Kaseti ilizunguka mpaka upande ukaisha, ikajizima yenyewe.

Jumamosi Mzee akaondoka. Jumatatu Kageha akaketi kuchanganya sauti, na mara moja akajua kwamba hajawahi kurekodi ngoma nzuri kama ile. Ilikuwa nzito na chafu, ikapatana na kinanda bila kubembelezwa. Zile dakika tatu za kwanza zilikuwa nyepesi; uzito uliingia pamoja na watu. Ila ndani yake kulikuwa na mwanamke anayelia "Baba!" Maiki ilikuwa moja tu, kwa hiyo ngoma na kilio vililala kwenye utepe mmoja. Alikuwa amefuta sauti za watu wengi maishani, na sasa yake mwenyewe haifutiki.

Jacky alisikiliza, macho yamefumbwa.

"Wueh! Hii ndiyo. Lakini huyo mama analia, unaeza mtoa?"

"Haiwezekani. Nikimtoa, ngoma inaenda naye."

"Basi mwache. Anaskika poa."

"Ngoja kwanza," Kageha akasema. "Kuna mtu lazima nimuulize."

Alimpigia mama yake Shinyalu mchana huo huo, akamweleza yote bila kujitetea, kisha akailaza simu mbele ya spika na kuanzisha kaseti.

"Mama, kuna mtu anataka kuiweka kwenye wimbo. Watu wengi wataisikia. Nikatae?"

Ngoma iliendelea. Kwenye simu akasikia mlango ukifunguliwa, kuku wakikimbia, kisha upepo.

"Mama? Uko?"

"Niko hapa nje, kwa baba yako," mama akasema. "Ongeza sauti. Watu wa ng'ambo ya mto hawajasikia."

Kageha akaongeza mpaka mwisho.