Uunsi wa Mama na Diski Iliyokataa Kuonekana

Fundi alishazika diski yangu. Leo nimeifufua mwenyewe.

Wiki nzima kompyuta imekuwa ikijizima kila jioni. Leo ikakataa kabisa kuona diski, na picha zote za harusi ya dada yangu ziko humo.

Fundi wa hapa mtaani Bulla Pesa: "Hiyo imekufa, madam. Tafuta ingine."

Nikaifungua kompyuta mwenyewe.

Masizi tupu, na inanukia uunsi, ule ubani mama huchoma kila jioni. Makaa yake anaweka wapi? Chini ya meza, kando ya kompyuta.

Nikapangusa waya wa diski, nikaurudisha na kuukaza, nikawasha.

Picha zote hizo hapo.

Mama ameziona, akasema alhamdulillahi. Sasa analeta makaa aifukize kompyuta, isipatwe na jicho baya.

Namzuiaje? Nisaidieni haraka.