"Pitia mbele, uani hakujakauka"

Wingu zito limelala juu ya ziwa, upande wa Kongo, na Selina Kaneza analitazama kila anapoinua mkono kutoka kwenye karai. Ni Ijumaa asubuhi, Ujiji. Amepiga magoti nyuma ya nyumba yake, khanga imekazwa kiunoni, mikono imezama kwenye udongo mwekundu.

Anachota, anamwaga, anasambaza kwa kiganja. Mkono wake wa kulia unachora nusu duara, kisha nusu duara nyingine juu ya ile ya kwanza, mpaka sakafu inaanza kufanana na magamba ya samaki.

"Isinyeshe," anasema, bila kumwambia mtu yeyote. "Jamani, isinyeshe mpaka jioni tu."

Selina, mwenye miaka 42, ni fundi wa nyua. Watu wa Ujiji, Mwanga na Katonga humwita wanapotaka sehemu ya nyuma ya nyumba ipate sura bila kununua saruji. Ametengeneza nyua za walimu, manesi, makarani na wafanyabiashara wa dagaa. Leo anatengeneza wa kwake, ulioachwa kwa miaka kuku waufukue wanavyotaka.

Jirani yake, Ziada, anachungulia juu ya wigo wa matete huku akitafuna muhogo.

"Leo mganga kajiganga!" anasema. "Mama Theo, anakuja waziri?"

Mama Theo ndilo jina la Selina hapa mtaani, kutokana na mwanawe wa kwanza, Theophil.

"Anakuja dada yangu," anajibu Selina.

"Yule wa kambini?"

"Yule yule."

Ziada anaacha kutafuna. Anaitazama sakafu, kisha lango dogo la nyuma linalotokea uchochoroni. "Mbona umeanzia langoni leo? Siku zote unaanzia jikoni unarudi kinyumenyume mpaka utoke nje. Si wewe uliyenifundisha mimi?"

"Nataka langoni pakauke kwanza. Huko ndiko atakakopita." Selina anasita, mkono ukiwa hewani. "Kama atapita."

Hilo "kama" ndilo lililomnyima raha wiki nzima.

Kwenye kizingiti cha jiko ameketi mama yake, Bibi Ininahazwe, anayekaribia miaka sabini. Miguu yake imevimba na fimbo imelala mapajani. Amevaa gauni la kanisani tangu alfajiri, ingawa basi la kutoka Kasulu hufika jioni. Haongei sana. Macho yake yako langoni.

Mwaka 1972 Bibi Ininahazwe alivuka ziwa akitokea Burundi, yeye na mumewe, ndani ya mtumbwi uliojaa watu waliokuwa wakikimbia mauaji. Walifika pwani ya Ilagala bila chochote. Binti yao wa pekee wakati huo, Spesiyoza, alikuwa na miaka minne. Siku hiyo alikuwa kwa bibi yake, kilima cha pili. Hapakuwa na nafasi ya kwenda kumchukua.

Selina alizaliwa Ilagala, katika shamba la muhogo ambalo wazazi wake walipewa na wenyeji. Alikua akijua kwamba ana dada, lakini hakujua kama yu hai.

Bibi wa Burundi alifariki, mtoto akachukuliwa na mjomba na kupelekwa mkoa mwingine. Habari zikakatika. Mwaka 2015, vurugu zilipozuka tena Burundi, maelfu waliingia Kigoma. Katika soko la kambi ya wakimbizi, wilayani Kasulu, mfanyabiashara mmoja wa Ilagala alisikia mama mmoja akitaja kilima alikotoka. Kilikuwa kilima kile kile ambacho Bibi Ininahazwe hukitaja katika sala zake.

"Nilienda kumwona," anasema Selina. "Nilimjua kabla hajasema jina. Ana paji la uso la mama. Lakini mama miguu haimruhusu safari ile. Wamekuwa wakiongea kwa simu tu, na kwa simu wote wawili wanakaa kimya. Hela ya vocha inaisha wakisikilizana pumzi."

Sasa Spesiyoza amepata kibali cha kutoka kambini, cha mpaka Jumatatu.

Watu wengine wangesafisha sebule. Selina naye alitaka kusafisha sebule. Mama yake alikataa.

"Aliniambia, 'Achana na sebule, tengeneza igikari,'" anasema.

Kwa Warundi igikari ni ua wa nyuma, ndani ya wigo, mahali pa wenye nyumba. Huko ndiko chakula kinakopikwa, watoto wanakoogeshwa na mambo ya siri yanakosemwa. Mgeni, hata awe na heshima kiasi gani, hukaribishwa mbele. Anayepita nyuma bila kuambiwa ni mtoto wa nyumbani.

"Mama kanikataza nisimwelekeze," anasema Selina. Sauti yake inashuka ili isifike jikoni. "Anasema, 'Usimfundishe njia. Akijiona ni mwanangu, atakuja nyuma mwenyewe. Akija mbele, nitajua nimekuwa mwenyeji wake tu.' Nikamwambia, mama, mtu hajawahi kufika hapa, atajuaje? Akachukua fimbo yake, akaondoka. Tangu hapo sijalala vizuri."

Kazi hii alijifunza kwa mama yake, kwenye nyumba ya udongo Ilagala. Kwa Kirundi kusiliba, yaani kupaka udongo sakafuni au ukutani, huitwa gusiga. Kuacha mtu nyuma pia huitwa gusiga. Tofauti iko katika sauti tu, la kusiliba huvutwa kidogo.

"Mama hajawahi kulitamka hilo neno mbele yangu, hata tukiwa na udongo mikononi," anasema. "Kila neno la nyumbani analisema kwa Kirundi. Hili peke yake anasema Kiswahili. 'Tusilibe, mwanangu.' Nilikuwa mkubwa ndipo nikaelewa."

Alipoolewa na Feliksi, mbeba mizigo wa bandarini, na kuhamia Ujiji, alianza kusiliba ua wa jirani kwa kubadilishana na dagaa. Mwingine akaona, akaita. Siku hizi ua mmoja humpa kati ya shilingi elfu thelathini na elfu sitini, kazi ya siku tatu au nne. Masika yakikolea, kazi hukatika, na familia hutegemea mgongo wa Feliksi.

Siri yake ni kutonunua karibu chochote. Udongo ni wa kichuguu, aliouponda na kuuchekecha. Anauchanganya na majivu, kinyesi cha ng'ombe na uji mwepesi wa muhogo ili ushike. Kokoto za kupanga kandokando huziokota ufukweni. Ukuta huupaka chokaa yenye chumvi kidogo, isichafue nguo za mtu akiegemea.

Nyavu zilizochakaa huziomba kwa wavuvi wa Katonga. Huzitandaza juu ya miti minne na kuupandisha mpasheni juu yake, na baada ya miezi kadhaa pana kivuli. Mbao za mitumbwi iliyokufa huwa mabenchi. Huzisugua kwa mchanga, kisha huzipaka mashapo ya mawese mpaka zinang'aa.

Elinipa, mwalimu wa sekondari aliyehamishiwa Kigoma kutoka Same, anaikumbuka siku Selina alipofika kwake.

"Nyuma ya nyumba palikuwa na tope na mabati ya kutu. Fundi wa saruji alikuwa amenitajia bei mpaka nikamkaribisha chai kwa kujionea huruma. Selina akaangalia, akaniuliza, 'Mwalimu, una ndoo za rangi zilizoisha? Una vigae vilivyovunjika?' Nikamwambia takataka ninazo tele. Akasema, 'Basi nusu ya kazi unayo.'"

Elinipa anacheka. Sasa husahihisha madaftari chini ya mpasheni. "Tatizo lake ni ukali. Kukiwa kubichi hata mwenye nyumba hapiti. Mume wangu alifukuzwa uani kwake mwenyewe na taulo mabegani. 'Pitia mbele! Pitia mbele, baba, uani hakujakauka!' Hata uso hakuinua."

Ni kweli. Selina hafanyi kazi akitazama watu. Akisikia lango linalia, maneno hayo humtoka yenyewe, kama mtu anavyosema "bee" akiitwa.

Saa tano inapita. Wingu limesogea, na upepo unaleta harufu ya maji. Selina anazidi kuharakisha. Robo tatu ya ua imekwisha kusilibwa, inameta, kuanzia langoni mpaka karibu na jiko. Mama yake hajaondoka kizingitini.

"Unakimbilia nini?" anauliza mama.

"Mvua, mama."

"Mvua na mtoto haviharakishwi."

"Sawa, mama," anajibu Selina, na anaharakisha.

Lango linalia.

"Pitia mbele!" anasema Selina, uso chini, mkono ukizungusha. "Pitia mbele, uani hakujakauka!"

Lango linalia tena, likifungwa taratibu.

Fimbo ya mama inaanguka sakafuni.

"Selina." Sauti ya Bibi Ininahazwe imekauka. "Umemwambia apite wapi?"

Selina anainua kichwa. Juu ya wigo anaona kitambaa cha kijani cha kichwani kikielekea upande wa barabara, na mkoba wa plastiki ulioshikwa kifuani. Mtu huyo anatembea taratibu, kwa utii, kama aliyezoea kuambiwa foleni iko wapi.

Fundi aliyewahi kuwafukuza wenye nyumba anasimama, na bila kutafuta ukingo anakimbia katikati ya sakafu yake. Nyayo zake zinazama. Anateleza, goti linapiga chini, anainuka, analifungua lango.

"Dada! Spesi! Rudi!"

Ziada, aliyekuwa akiosha vyombo, anaruka. "Kuna nini? Nyoka?"

Uchochoroni mwanamke wa miaka hamsini hivi amegeuka. Dereva wa lori la maharage alimpa nafasi alfajiri, ndiyo sababu amefika kabla ya basi. Anautazama udongo kwenye goti la mdogo wake, kisha anautazama ule wa uani.

"Nimeona pabichi," anasema kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kirundi. "Niende mbele tu. Sitaki kuharibu."

"Njoo uharibu," anasema Selina, na sasa analia. "Dada, tafadhali. Njoo uharibu."

"Mmenikataza..."

"Ni mdomo wangu wa kazi! Sikujua ni wewe! Ulijuaje kupita nyuma?"

Spesiyoza anaonekana kushangazwa na swali hilo. "Mbele kuna mlango wa wageni," anasema.

Anavua kandambili zake na kuzishika mkononi. Selina anamshika mkono mwingine. Wanavuka ua pamoja, polepole kwa sababu panateleza, mpaka kwenye kizingiti cha jiko, ambako Bibi Ininahazwe amejaribu kusimama mara mbili bila fimbo na kushindwa.

Kisha mama mzee anainama, anaishika miguu ya binti yake iliyojaa udongo na kuigeuza kidogo huku na huku, kama mtu anayekagua mihogo sokoni.

"Miguu ya baba yako," anasema. "Mibaya vilevile."

Spesiyoza anaanza kucheka, na kicheko kinamgeukia kuwa kitu kingine. Anapiga magoti, anaweka kichwa mapajani mwa mama yake, pale ilipokuwa fimbo.

Kule kwenye wigo Ziada anapangusa macho kwa mkono wenye povu. "Haya, sasa sabuni imeniingia," analalamika, na anaondoka.

Saa nane mvua inafika. Si kubwa, lakini inatosha. Turubai la kuufunika ua liko ukutani, limekunjwa. Siku nyingine Selina angelirukia. Leo ameketi kizingitini kati ya hao wawili, bega kwa bega, akitazama matone yakiyachimba magamba ya samaki mpaka nyayo na michoro vinakuwa kitu kimoja.

"Kazi yote hiyo," anasema Spesiyoza kwa masikitiko.

Bibi Ininahazwe anatazama udongo ukitiririka. Anaonekana kutafuta kitu kinywani mwake. Kisha anasema kwa Kirundi, pole pole, akilivuta neno inavyotakiwa: "Tuzosiga twese." Tutasiliba sote.

Selina anageuka kumtazama mama yake, na kwa muda mrefu haondoi macho.

Wasiwasi wake haujaisha. Jumatatu dada yake atarudi kambini, ambako kila wiki kuna maneno mapya, nani atarudi Burundi na lini. Selina anataka kumwombea kibali kingine kwa ajili ya Krismasi. Baadaye, kama taratibu zitaruhusu, anataka wafanye kazi hii pamoja, kwani Spesiyoza naye alifundishwa na bibi wa Burundi, yule aliyemfundisha mama yao. Aliposhika udongo jioni kumwonyesha, mkono wake ulichora nusu duara ile ile.

Kesho asubuhi wataanza upya. Ziada amekwisha kumshauri kwamba safari hii afuate utaratibu wake mwenyewe, aanzie jikoni na kurudi kinyumenyume hadi langoni, kama anavyowafundisha watu.

Selina amekataa.

"Nikianzia jikoni, tunamalizia nje," anasema, akikung'uta karai. "Tutaanzia langoni tena. Nataka tumalizie ndani."